Mbwa Aliyekufa Mbele ya Watoto

Wilmar Bentancor alizinduliwa usingizini na kilio. Hakikuwa kilio cha mtu mmoja. Ukumbi mzima wa klabu ulikuwa unalia, watoto kwa kwikwi, mama zao kwa kupenga kamasi kimyakimya gizani. Kwa muda alidhani moto umezuka. Alipojikokota akaketi vizuri, aliona kwenye pazia bahari ya kijivu na mnara wa taa, na majina ya watu yakipanda polepole huku kinanda kikiomboleza. Filamu ilikuwa imekwisha. Kiti cha kuliani kwake, alipokuwa amekaa binti yake Delfina, kilikuwa kitupu.

Alimkuta nje, kwenye ngazi za klabu, manyunyu yakimlowesha. Mtoto wa miaka minane, koti kaliacha ndani, mikono kaibana kwapani.

"Mwanangu, utapata kichomi bure. Njoo ndani."

"Twende nyumbani."

"Kwani kuna nini?"

"Baba, twende nyumbani sasa hivi. Tizón yuko peke yake."

Wilmar hakuelewa, wala hakuwa na nguvu za kuelewa. Yeye alikuwa dereva wa lori la maziwa. Kila siku aliamka kabla ya jogoo, akazunguka mashamba ya ng'ombe kwenye barabara za udongo, na katika mwezi kama ule wa Julai, barabara zikiwa tope tupu na baridi ikitafuna mifupa, alirudi nyumbani kama nguo iliyokamuliwa. Mkewe Rossana, muuguzi, alikuwa zamu hospitalini. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya baridi, na Delfina alikuwa ameiota hiyo filamu wiki nzima. Kwenye bango la mlangoni kulikuwa na mbwa mweupe aliyevaa kofia ya baharia, ulimi nje, kama anayecheka. Nani angeshuku? Wilmar alimkalisha mtoto, akakaa naye, taa zikazimwa, joto la jiko la kuni likampanda miguuni, na kuanzia hapo hakujua tena kilichoendelea duniani.

Nyumbani, Tizón alikuwa palepale walipomwacha, kwenye gunia lake karibu na jiko. Alikuwa mbwa mweusi, mzee, ndevu zimeingia mvi, mkubwa kwa Delfina kwa miaka kadhaa. Alijaribu kusimama kuwalaki, miguu ya nyuma ikamgomea, akaridhika kupiga mkia sakafuni. Delfina alijitupa chini, akabandika sikio kwenye mbavu zake, nywele zikimchuruzika maji.

"Anapumua," akasema.

"Sasa asipumue kwa nini?"

Mtoto alibaki pale, macho kayafumba, anasikiliza.

Rossana aliporudi kutoka zamu aliwakuta hivyohivyo, mmoja sakafuni na mwingine anasinzia mezani. Akamvuta mumewe hadi chumbani.

"Ana nini mtoto?"

"Filamu. Naona kuna mbwa alikufa."

"Naona? Kwani wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa palepale, Rossana."

"Ulikuwa palepale umelala."

Wilmar akainama kuvua buti.

"Mungu wangu! Mwanao anaonyeshwa kifo na wewe unakoroma pembeni!"

Kuhusu kukoroma, mji mzima ulikwisha kujua. Jumatatu, Wilmar alipopita kwenye duka la mikate, mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni alimpiga begani. "Kumbe ni wewe! Mbwa yule alipokuwa anakata roho, mwanangu akaniambia, 'Mama, sikia anavyokoroma masikini.' Nikamwambia ndiyo, anaondoka huyo. Kumbe ni Bentancor amejifia usingizi safu ya nyuma!" Watu wakacheka mpaka muuza mikate akashika kaunta. Lakini kicheko kilipoisha, ugomvi ulirudi. Los Ceibos ni mji mdogo, na filamu ile ilikuwa imeugawa kama uchaguzi. Kuna waliosema ni dhambi kumtoa mtoto nyumbani akiwa na furaha na kumrudisha na msiba usio wake. Kuna waliosema watoto wa siku hizi wamelelewa kama mayai, acha walie kidogo, kulia hakujaua mtu. Mama mmoja alisema wanawe tangu siku ile wanampa paka maziwa kwa kijiko. Mwingine alisema wake amekojoa kitandani, na mtoto huyo alikuwa ameacha tabia hiyo tangu akiwa na miaka mitatu.

Wote walitaka kujua Wilmar ana maoni gani. Wilmar alichukua mkate wake akasema, "Mimi nililala," akatoka.

Ukweli ni kwamba nyumbani kwake hali ilikuwa mbaya kuliko kukojoa. Delfina hakuwa analia. Angelia, wangejua la kumfanya. Alikuwa analinda. Aliburuta godoro lake hadi jikoni, akalilaza kando ya gunia la Tizón. Chakula alikula akiwa amekaa chini. Marafiki walikuja kumwita wakacheze, akawaambia ana kazi. Kila Wilmar alipoamka kwenda kwenye lori, alimkuta yu macho, kiganja juu ya ubavu wa mbwa.

"Baba, ukirudi atakuwepo?"

Wilmar angependa kusema ndiyo. Angependa kusema ni filamu tu ile, mwanangu, na yule mbwa wa kwenye filamu sasa hivi anakula nyama mahali fulani. Lakini alikuwa na jambo rohoni. Tangu majani yalipoanza kupukutika, Analía, daktari wa mifugo, alikuwa amempapasa Tizón tumboni akatikisa kichwa. Uvimbe, kwenye wengu. Hautachukua muda mrefu, alisema, na siku mtakapoona hawezi kusimama, niiteni. Wilmar na Rossana walikubaliana wasimwambie mtoto. Kwa nini umwambie mtoto neno ambalo halijafika? Kwa hiyo kila asubuhi Wilmar alijibu, "Lala, mwanangu, baridi," akavaa buti zake.

Mama mkwe, Elida, aliishi upande wa pili wa ua, na alikuwa na ufumbuzi. Alikuja nao siku ya mvua, pamoja na sahani ya mikate ya kukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, iliyofunikwa kitambaa. Alimtuma Delfina nyumbani kwake akalete sukari, kisha akaketi.

"Mkwe," alianza, "wewe si unakwenda mashambani kila siku?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mambo yamekwisha. Unamweka mbwa kwenye lori, unamwambia mtoto kwamba Tizón anakwenda kupumzika shamba kwa Barreiro. Kule kuna nafasi, kuna jua, kuna mbwa wenzake. Ukifika njiani, Analía anakusubiri na sindano yake. Mbwa hateseki, mtoto hateseki. Si ndivyo walivyotufanyia sisi? Na tulikua."

Rossana alikuwa amekaa na miguu ndani ya beseni la maji ya moto, viatu vya hospitali pembeni. Aliinamisha kichwa.

"Wewe unasemaje?" Wilmar akamuuliza.

"Sijui nasemaje. Mimi nashinda na watu wanaokufa, Wilmar. Nawafumba macho, nawapigia simu watoto wao. Nikifika hapa nataka kukuta nyumba ambayo hakuna mtu anafanya hivyo. Basi. Kama ni uongo, uwe uongo."

"Uongo mdogo," akasema Elida. "Na wewe, mkwe, ungekuwa macho siku ile tusingefika huku. Sasa yule mwalimu anayeonyesha filamu naye apewe lake. Nani kamtuma?"

Ikaamuliwa hivyo, kama mambo mengi yanavyoamuliwa katika nyumba yenye watu waliochoka: hakuna aliyekubali na hakuna aliyekataa. Wilmar alitakiwa pia aende kumpa mwalimu lake.

Mwalimu Zulma Etcheverry alikuwa amewafundisha kusoma nusu ya watu wa mji ule, Wilmar akiwemo. Baada ya kustaafu alichukua ufunguo wa ukumbi wa klabu, na tangu hapo filamu za Jumamosi zilikuwa zake. Wilmar alimkuta anafagia kati ya viti, skafu tatu shingoni, kibuyu chake cha chai chungu chenye mrija na chupa ya maji moto vikimfuata kutoka safu hadi safu.

"Naona safari hii ni zamu yako," alisema bila kuinua kichwa. "Haya, nigombeze. Wenzako walikuja asubuhi."

"Mwalimu, mtoto wangu halali."

Ufagio ukasimama. "Delfina? Halali kabisa?"

"Anamlinda mbwa wetu asife. Ulifikiria nini, mwalimu? Likizo hii, watoto wadogo kama wale? Huna filamu ya kuku, ya samaki, ya nini?"

"Wewe uliiona?"

"Nilikuwepo."

"Sikuulizi kama ulikuwepo. Hilo tulilisikia wote."

Wilmar alisikia masikio yanamwaka, kama zamani alipokuwa hajafanya hesabu zake. Zulma hakucheka. Aliegemeza ufagio ukutani, akakivuta kiti cha mbele kabisa, akamwonyesha kwa kidevu. "Kaa. Ukimaliza, nitukane unavyotaka. Lakini utukane kitu ulichokiona."

Hivyo ndivyo Wilmar Bentancor, akiwa na buti zenye tope na jiko halijawashwa, alivyokaa peke yake katika ukumbi mtupu kutazama filamu ya watoto. Alijibana kwa makusudi ili asilale. Ilikuwa habari ya mlinzi wa mnara wa taa, mkewe, watoto wao wawili na mbwa mweupe. Nusu ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Mbwa aliiba samaki, akaanguka ndani ya mtumbwi, akavishwa ile kofia. Kisha akaanza kuzeeka. Hakuna mtu mbaya aliyemdhuru, hakuna ajali. Alizeeka tu, akaugua, na familia ikalala naye sakafuni jikoni mpaka upepo ulipotulia.

Kifo chenyewe hakikumliza. Kilimuudhi. Kinanda kilimbana kama polisi anayetaka mtu akiri. Kilichomliza kilikuja kabla, na kilikuwa kidogo sana: yule mlinzi wa mnara, mtu mnene asiye na maneno, alimbeba mbwa mikononi akampeleka nje akojoe, akamshikilia asianguke, akatazama pembeni kwa heshima, akamrudisha. Basi. Hakusema kitu. Na Wilmar akajikuta machozi yanamwingia ndevuni na hayana mwisho.

Zulma alizima mashine, akaja akaketi kiti cha tatu kutoka kwake, akajaza kibuyu akampa.

"Kile kinanda ni uonevu," alisema Wilmar.

"Hapo tuko pamoja. Ningeweza kukinyonga kile kinanda."

Wilmar alivuta chai, akarudisha kibuyu. "Nilipokuwa wa umri wa Delfina tulikuwa na mbwa, Canelo. Rangi ya mdalasini. Siku moja nimerudi shule hayupo. Baba akasema amempeleka shamba la rafiki yake, upande wa mto, akakimbize sungura. Nikasema sawa." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Mwalimu, nilipopata kazi ya lori nilikuwa mtu mzima, nina ndevu, nimeoa. Siku ya kwanza, kila lango la shamba nililofika nilikuwa natafuta kwa macho mbwa wa rangi ya mdalasini. Mpaka nilipojishtukia. Angekuwa na miaka thelathini yule mbwa."

"Na baba yako hakusema?"

"Ameingia nalo kaburini."

Nje, pikipiki ilipita ikirusha maji.

"Usidhani nitakwambia kwamba nilifanya vizuri," Zulma akasema. "Sijui. Wapo walionikumbatia mlangoni. Yupo mmoja alijikojolea, nikamvua soksi mimi mwenyewe. Lile bango lingenidanganya hata mimi. Ilinipasa niwaambie wazazi mapema, mbwa anakufa, mwenye kutaka aje, asiyetaka abaki. Mtoto anayejua anakwenda kulia si sawa na mtoto anayeviziwa. Nimechoka, Wilmar. Kila baridi nasema hii ni ya mwisho." Akatazama viti vitupu. "Lakini kuku wa kuchekesha nao, mwaka mzima, kila Jumamosi... Siku mtoto anapokutana na kitu chenyewe, yule kuku atamsaidia nini?"

"Na mbwa huyu atamsaidia nini?"

"Pengine hakuna," alisema mwalimu, akainuka kuchukua ufagio wake.

Asubuhi ambayo Tizón hakuweza kusimama hata kwa kuinuliwa, Wilmar aliilaani filamu, akamlaani mwalimu, akampigia simu Analía, akafanya kama ilivyopangwa. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, ukungu umelala juu ya ua. Alimbeba mbwa ndani ya blanketi. Alikuwa mwepesi, hilo ndilo lililomtisha, wepesi ule. Alimlaza kwenye kiti cha lori. Elida alikuwa amesimama mlangoni kwake na shali kichwani, na siku iliyotangulia alikuwa amekwisha kupanda mbegu: shamba kwa Barreiro, jua, sungura. Delfina alikuwa amesikiliza yote bila kuuliza swali.

Sasa alitoka mbio, kandambili miguuni, amekumbatia mfuko. Alikuja hadi kwenye mlango wa lori, akauinua mfuko kumpa baba yake.

"Nini hiki?"

"Vitu vyake. Bakuli, na ile soksi anayopenda. Na sweta langu la zamani, maana huko kuna baridi kuliko hapa." Alimeza mate. "Baba, mwambie Barreiro kwamba Tizón huwa hali chakula kikavu. Akiloweke. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Na Jumapili utanipeleka nikamwone?"

Injini ilikuwa inanguruma. Wilmar alitazama mfuko, soksi ikichungulia. Angeweza kusema Jumapili tutaona. Angeweza kusema barabara ina tope, tungoje kiangazi. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa mstari, alichotakiwa ni kufungua mdomo tu. Na mtoto alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu ambaye hajaamini, ila ameamua kusaidia.

Akazima injini.

"Hakuna shamba, Delfi."

"Wilmar!" Elida akapiga ukelele kutoka mlangoni.

"Hakuna shamba. Tizón anaumwa tumboni na hatapona. Nilikuwa nampeleka kwa Analía akampige sindano, alale asisikie maumivu. Sikutaka ujue. Mama hakutaka, bibi hakutaka. Sasa umejua."

Delfina hakulia. Aliushusha mfuko chini polepole.

"Atakufa leo?"

"Leo."

"Mngempeleka huko peke yake?"

Wilmar alishuka, akambeba mbwa tena, akamrudisha ndani. Elida alifanya ishara ya msalaba, akafunga mlango wake kwa kishindo. Kisha Wilmar alipiga simu mbili. Analía alikuwa ameshika njia, akasema atageuza gari. Barreiro, ambaye maziwa yake yalikuwa ya kwanza kwenye mzunguko, alisema maneno ambayo hayaandikiki, akamalizia kwa kusema ng'ombe hawajui msiba wa mtu, tangi limejaa, na Wilmar akichelewa zaidi, yeye atayamwaga mtoni na kumwandama amlipe.

Rossana aliingia kutoka zamu ya usiku wakati Analía anafika, wote wawili wakakutana mlangoni. Analía alikuwa ametoka kuzalisha ng'ombe. Alinuka ng'ombe, damu imemkauka kwenye kiwiko, akaomba radhi kwa hali yake. Rossana alitazama jikoni, akamwona mumewe na mwanawe wamepiga magoti kando ya gunia. Akaelewa mara moja. Wilmar alingoja atukanwe. Lakini mkewe aliweka mkoba chini, akanawa mikono mpaka viwikoni kama hospitalini, akaja akapiga magoti naye.

"Mshipa wake utakuwa mgumu, ni mzee," alimwambia Analía. "Nitakushikia."

Haikuwa kama kwenye filamu. Sindano ya kwanza ilikosa mshipa na Tizón akalia, mlio mwembamba wa mtoto wa mbwa. Delfina alimpiga Analía begani kwa ngumi, Wilmar akaushika ule mkono. Sindano ya pili ikaingia. Kulikuwa na chungu cha maharage kinatokota, kifuniko kikigongagonga, na hakuna aliyekumbuka kukiondoa. Delfina alianza kumwambia mbwa sikioni kitu fulani, pengine kitu alichokipanga siku zote zile za kulinda, lakini hakufika mbali. Mbwa alivuta pumzi moja ndefu, akakojoa kwenye gunia, akawa si mbwa tena.

"Ameshakwenda," akasema Analía.

"Bado," Delfina akasema. "Bado. Kwenye filamu walikaa naye hadi asubuhi."

"Mwanangu," Rossana akasema.

"Mbona haraka hivi? Sijamaliza kumwambia!"

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ambayo Wilmar hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, akamsukuma baba yake, akamsukuma mama yake, akaondoka kwenda kujifungia bafuni. Rossana alikaa sakafuni na mgongo kwenye kabati. Kwa sauti ndogo kabisa alisema, "Umeona? Umeona sasa?" Wilmar hakujua kama alikuwa anamlaumu yeye, au Analía, au Mungu. Alimpa mkono kumwinua. Rossana hakuushika kwa muda, kisha akaushika.

Walimzika nyuma ya banda la kuni. Udongo ulikuwa umeshiba mvua na shimo liliingia maji kadiri Wilmar alivyolichimba, ikabidi ayachote kwa kopo la rangi. Delfina alitoka bafuni, macho yamevimba, akasimama kando. Maji yalipopungua, alishuka mwenyewe shimoni, akatandika lile sweta chini kabla mbwa hajalazwa.

Maziwa yalikuwa yanangoja. Wilmar alipopanda lori, mlango wa pili ulifunguliwa na Delfina akapanda, hakuomba ruhusa. Kwenye mashamba ya mbele walipokewa kwa nyuso zilizokunjwa, na Wilmar aliomba radhi, akavuta bomba, akapima, akaomba radhi tena. Mtoto alilala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, usingizi wa siku nyingi umemshukia kwa mkupuo. Wilmar alipunguza mwendo kwenye mashimo.

Barreiro, aliyekuwa wa kwanza, sasa alikuwa wa mwisho, maana Wilmar aliogopa kuanza naye. Alikuwa amesimama langoni, mikono kiunoni, hotuba yake tayari. Alipomwona mtoto kwenye kiti, aliimeza. Mbwa wake wawili, wembamba, wa rangi ya tope, walibweka kwenye magurudumu. Delfina akaamka. Alitazama zizi, samadi iliyofika magotini, mti mmoja mkavu, banda lililokosa bati upande mmoja.

"Hapa ndipo mlipotaka kusema yuko?"

"Ndipo hapa."

Alitazama tena, kwa makini, kama mnunuzi.

"Hata si pazuri," akasema.

"Hapana," akakubali baba yake. "Si pazuri."

Walirudi nyumbani jua limekwisha kupoa. Rossana alikuwa amelala na nguo za kazi. Maharage yalikuwa yameungua. Elida alikuja akiwa amebeba sufuria ya mchuzi wa nyama na maboga, akaiweka mezani kwa nguvu ili ieleweke kwamba mchuzi si msamaha.

"Mimi bado nasema mtoto hakustahili kuona vile," alisema akipakua. "Filamu hakustahili, na hiki cha leo ndiyo kabisa. Utaona. Atakuja kuota. Na huyo Zulma nimekutana naye dukani, ananiambia safari ijayo atabandika karatasi mlangoni: katika filamu hii kuna kifo. Nikamwambia, mwalimu, bandika na kwenye mlango wa kanisa basi."

Wilmar alikula. Mikono ilikuwa mizito hata kushika kijiko. Hakujua kama mama mkwe amekosea. Pengine mtoto angeota kweli, pengine angekumbuka ule mlio wa sindano ya kwanza mpaka uzeeni, na hilo lingekuwa juu yake yeye, si juu ya filamu. Angetaka mtu amwambie. Lakini wa kumwambia hakuwepo, na lori lilikuwa halijaoshwa.

"Bibi," Delfina akasema. Alikuwa amekaa kitini, mezani. "Umesahau kutia chumvi."

Elida alisogeza kopo la chumvi upande wa mjukuu wake, na mtoto akatia, akaonja, akatia tena.